Kutunza Noah ya Nyumbani Unguja na Pemba, na la Kufanya Inapogoma

Kitabu cha gari hupanga sevisi kwa kilomita, na hesabu hiyo imefanywa kwa watu wenye barabara ndefu. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba 67 hivi, na gari ya familia aghalabu haimalizi hata nusu ya hapo kwa siku: asubuhi watoto skuli, mchana Darajani au Mwanakwerekwe, jioni chuoni, mwisho wa wiki shamba kwa bibi. Mwaka unakatika kilomita hazijafika 10,000, mwenye gari anajiona bado yumo ndani ya muda. Kumbe oili imeshachoka, maji ya breki yameshanyonya unyevu, na chini ya mlango wa pembeni kutu imeshaanza kazi.

Kwa hiyo hesabu miezi. Sevisi kubwa mbili kwa mwaka zinatosha: moja Februari, kabla masika hayajaanza Machi, na moja Septemba, kabla ya vuli. Kama gari inapeleka wageni Nungwi na Paje kila siku, hapo kilomita zitatangulia miezi, fuata kinachotangulia.

Naandika zaidi kuhusu Toyota Noah kwa sababu ndiyo iliyojaa mitaani, lakini mengi yanafaa Voxy, Isis, Wish na Alphard pia.

Hatua ya 1: Soma kibati kabla hujanunua chochote

Chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango kuna kibati cha Toyota chenye namba ya modeli, injini na giaboksi. Kipige picha ukae nacho kwenye simu. Watu wanasema "Noah" tu, na fundi anauza spea ya "Noah", halafu haiingii.

Noah ya zamani, ile ya 1996 hadi 2001 yenye namba SR40 au SR50, ina injini ya 3S-FE chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuifikia unainua kiti. Inatumia taiming belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwa gari zetu zinazotembea kidogo umri wa mpira ndio wa kuangaliwa: kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe. Uzuri wa 3S-FE ni kwamba belti ikikatika injini huzima tu, valvu hazigongani na pistoni.

Noah AZR60, ya 2001 hadi 2007, ina 1AZ-FSE. Hiyo ni injini ya D-4: petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda, na badala ya belti kuna cheni. Ulaji wake wa mafuta ni mzuri ikiwa safi. Shida yake ni masizi. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi hujijenga pale na kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Alphard ya kwanza ya 2.4 ina 2AZ-FE, ndugu wa injini hiyo hiyo kwa umbo la bloku. Noah za 2007 hadi 2021 zina injini za familia ya ZR.

Angalia pia mstari wa giaboksi. Herufi ya kwanza ikiwa K, kwa mfano K111, hiyo ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia. Ikiwa U au A, ni otomatiki ya kawaida. Jambo hili linaweza kukuokolea pesa nyingi: mafuta ya otomatiki yakiingia kwenye CVT, mkanda wa chuma ulio ndani huteleza, na giaboksi hiyo haitengenezeki kwa urahisi hapa.

Hatua ya 2: Dakika kumi kila wiki

Chagua siku moja, kabla gari haijawashwa, ikiwa imesimama pahala palipo sawa. Vuta kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Angalia kopo la akiba la rejeta, kopo la maji ya breki, tairi zote kwa macho, na sakafu chini ya gari. Basi. Ukifanya hivi kila wiki utaijua gari yako kawaida yake ikoje, na siku ikibadilika utaona.

Oili ikionekana nyeupe kama maziwa kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili, usiwashe. Utando mwembamba mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili ni habari nyingine. Kwa gari ya safari fupi, injini haipati joto la kutosha kukausha mvuke wake, na utando huo hujitokeza hata kwa injini nzima. Itoe gari mpaka Mkokotoni au Makunduchi mara moja kwa wiki mbili, ikimbie bila kusimama nusu saa. Utando ukiondoka, huna tatizo.

Hatua ya 3: Chumvi

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Upepo wa baharini unafika kila mahali visiwani, wa kaskazi na wa kusi, na gari iliyolala Nungwi au Jambiani usiku mmoja huamka ina ukungu wa chumvi kwenye vioo. Kinachoonekana kwenye kioo kiko pia ndani ya mwegemeo wa springi na juu ya paipu za breki.

Osha chini ya gari, si rangi peke yake. Kila baada ya kwenda pwani, na kila baada ya gari kuvuka kwa meli kati ya Unguja na Pemba, mimina maji mengi kwenye matao ya magurudumu, kingo za chini za milango, ekseli ya nyuma, ekzosi na uso wa rejeta. Tumia mpira wenye nguvu ya kawaida. Mashine ya presha isogezwe mbali na rejeta ya AC, kwani mapezi yake ya alumini hujikunja na hewa haipiti tena.

Angalia maji unayooshea. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kujichosha. Kama bombani hakuna maji matamu, ya mvua yaliyokingwa yanafaa sana.

Kisha piga magoti uangalie vitundu vidogo chini ya kila mlango. Kazi yake ni kutoa maji yanayoteremka ndani ya mlango kupitia kioo. Mchanga na majani huviziba, maji yanakaa, mlango unaoza kutoka ndani hadi siku rangi inapovimba. Kijiti cha mshikaki kinatosha kuvizibua. Ukitikisa mlango ukasikia maji yanacheza ndani, umeshachelewa kidogo lakini bado.

Kutu ndogo ikitokea, ikwangue mpaka chuma king'are, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika tu. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari nzima. Siipendi tabia hiyo kwa sababu mbili: oili hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, na inayodondoka huzama kwenye mawe ya matumbawe mpaka kwenye visima tunavyokunywa. Zipo dawa za nta za kupulizia zinazofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Maji na joto

Injini nyingi za Noah zinazotupwa hapa zilikufa kwa kuchemshwa, na zilichemka kwa sababu ndogo.

Maji ya bomba na ya kisima yasiingie kwenye rejeta. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya chokaa. Tazama gamba jeupe ndani ya birika la umeme nyumbani, ndilo hilo hilo linaloziba mirija ya rejeta. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Soma kopo: nyingine imeshachanganywa, nyingine unaichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Ukienda dukani sema wazi unataka maji, maana ukisema "maji ya betri" pengine utapewa tindikali. Kulanti nyekundu na ya waridi usizichanganye bila sababu. Ukibadilisha aina, mwaga yote kwanza.

Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo kinachoua injini kubwa. Umeandikwa 0.9 au 1.1, yaani mgandamizo unaouzuia. Kwa mgandamizo huo maji hayachemki yakifika nyuzi 100. Springi yake ikilegea au mpira ukichanika, maji huchemka mapema na kukimbilia nje. Ubadilishe kwa namba ile ile iliyoandikwa.

Noah za kuanzia 2001 zina feni za umeme. Washa injini, washa AC, angalia: feni lazima zizunguke. Zisipozunguka, anza na fyuzi, rilei na soketi zake, ambazo chumvi huzila, kabla hujanunua feni.

Thamostati ibaki mahali pake. Mtindo wa kuitoa "kwa sababu huku ni joto" umeenea sana, na ni mbaya hasa kwa safari zetu fupi: injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada ikidhani gari ndiyo kwanza imewashwa, oili haikauki, masizi yanazidi. Thamostati mbovu dawa yake ni thamostati mpya.

Kwa wenye injini za AZ kuna la kuzingatia zaidi. Kama kulanti inapungua na huoni inapovujia, muombe fundi amulike nyuma ya injini, upande unaoelekea wanakokaa abiria, pale silinda hedi inapokutana na bloku. Alama za waridi au nyeupe zilizokauka pale zinaonyesha nyuzi za bolti za hedi zimelegea ndani ya bloku ya alumini, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Kubadilisha gasketi na kukaza bolti zile zile hakutadumu. Dawa ni kuchonga upya matundu na kuweka nyuzi za chuma. Uliza kabla ya kazi kama fundi ana vifaa hivyo.

Sindano ya joto ikipanda ukiwa njiani, tuseme unapanda vilima kati ya Chake Chake na Wete na gari imejaa watu: zima AC, fungua vioo, washa hita yote hata kama watoto watalalamika, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikiendelea kupanda, simama na uzime. Usifungue mfuniko. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono. Kumwagia maji baridi injini iliyochemka kunaweza kupinda hedi palepale.

Hatua ya 5: Oili

Lita 4 hivi, na filta mpya kila mara. Badilisha kila miezi 6 au kilomita 5,000. 5W-30 au 10W-30 ndiyo inayokubaliwa na injini zenye VVT-i, mitambo inayobadilisha muda wa valvu kufunguka, kwani mitambo hiyo inasukumwa na oili yenyewe kupitia njia nyembamba. Oili nzito ya 20W-50 hutiwa ili kunyamazisha injini chakavu inayokula oili. Kwa injini nzima haina faida. Mafuta ya giaboksi fuata kitabu au kibati, na uone kopo likifunguliwa mbele yako.

Hatua ya 6: Breki, tairi na stepni

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu haina upungufu wa unyevu. Yabadilishe kila miaka 2. Pemba, unapoteremka na gari imejaa, weka gia ya chini, L au 2, injini ikuzuie. Breki ukizikanyaga mfululizo maji yake huchemka na pedali huzama.

Noah ni ya watu 8. Kwenye harusi wanaingia 13 na masufuria, tunajua. Siku hiyo jaza tairi upepo wa mzigo kamili, ulioandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na nenda pole.

Tairi za mtumba kutoka Japani zina kashata (meno ya tairi) nzuri na mpira mzee. Tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yenye zaidi ya miaka 6 iache dukani. Mawe makali ya shamba hukata tairi ubavuni, na jeraha la ubavuni halizibwi.

Stepni iliyoning'inia chini ya gari iteremshwe kila Februari. Mnyororo wake ukishika kutu, utaujua siku ya pancha usiku, Jozani, mvua inanyesha.

Hatua ya 7: Mlango wa pembeni

Mlango mzito kufunga kawaida si mbovu, ni mchafu. Safisha reli ya chini, ya kati na ya juu kwa mswaki mkavu, nyonya mchanga, kisha pulizia silikoni kavu. Grisi inakamata mchanga na kuwa msasa. Angalia rola ya chini; ikiwa imelika upande, mlango hushuka na kukwangua bodi. Kwa mlango wa umeme unaokwama, zima swichi kuu ya mlango ndani, uufungue kwa mkono kwa wiki moja, umpe fundi nafasi ya kuangalia waya wake wa chuma kabla mota haijaungua.

Hatua ya 8: Betri

Safari fupi, AC, taa, redio: alteneta haipati muda wa kurudisha ilichotumia stata. Pima kwa mita. Gari ikiwa imelala usiku mzima, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo mtazame alteneta na belti yake. Unga mweupe au wa buluu kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kausha, paka vaselini.

Inapogoma

*Haiwaki.* Sikiliza kwanza. Tik-tik-tik za haraka na taa za dashibodi zinafifia: betri au vichwa vyake. Mlio mmoja mzito wa kugonga halafu kimya: stata. Kimya kabisa na taa zinawaka vizuri: peleka gia N ujaribu tena, ikiwaka, swichi ya gia imechoka. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki: angalia petroli, kisha fyuzi ya EFI (mfumo wa kurusha petroli), kisha moto wa plagi. Kwa SR40, stata ikizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, taiming belti huenda imekatika.

*Inatetemeka kwenye sailensa, yaani injini inawaka na gari imesimama.* Kanyaga breki, weka D, kisha N. Ikitulia kwenye N na injini inanguruma sawa, mauntingi, mipira inayoshikilia injini, zimechoka. Ikitetemeka pote, ni mis, yaani kuna silinda isiyochoma sawasawa. Kwa 1AZ-FSE anza na usafi: throto bodi, EGR, filta ya hewa. Kisha hamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili. Mis ikihama nayo, umempata mkosaji bila kununua koili nne. Mashine za kupimia za bei ndogo hazisomi gari zote zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo zisipoona kosa usihitimishe kuwa halipo.

*Moshi.* Wa buluu, inakula oili. Mweusi, petroli inazidi. Mweupe mzito usioisha wenye harufu tamu, kulanti inaingia kwenye silinda.

*Zulia la mbele limelowa.* Maji matupu yasiyo na rangi ni ya AC. Mpira wake wa kumwagia umezibwa na vumbi, uzibue kutoka chini. Yakinata na kunukia utamu, rejeta ya hita inavuja.

*AC haipoozi vizuri.* Kabla ya kuongeza gesi, vua filta nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Ukishaiona utaelewa. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua ina pa kutokea, na kuijaza bila kutafuta tundu ni kulipia mara mbili.

*Tok-tok kwenye mashimo* mara nyingi ni linki za stabilaiza, rahisi. Kak-kak ukikata kona, CV jointi. Mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukipinda, beringi.

*Maji barabarani.* Masika maeneo ya Mwanakwerekwe yanapojaa, kama maji yamefika nusu ya gurudumu, rudi. Gari ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena hata mara moja. Mdomo wa kuvutia hewa uko mbele, chini kuliko watu wanavyodhani. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, na stata inaweza kupinda konrodi. Isukumeni mpaka pakavu, toa filta ya hewa. Ikiwa imelowa, plagi zote zitoke kabla ya kuizungusha.

Spea na fundi

Kwa fundi, sema dalili na uache jina la ugonjwa kwake: "Fundi, asubuhi ikiwa baridi inatetemeka, ikipata moto inatulia." Ukimwambia "nibadilishie plagi" atabadilisha plagi. Muombe kila kilichotolewa ukione, na kwa wema tu mwambie vibovu unarudi navyo nyumbani.

Spea nyingi kubwa zitatoka Kariakoo ya Dar kwa boti. Mtume muuzaji picha ya kibati, picha ya kifaa cha zamani pande zote mbili na namba iliyochapwa juu yake, umtake naye akutumie picha ya hicho anachotaka kukuuzia kabla hujalipa. Kifaa kisichoingia kitakugharimu nauli ya kukirudisha, na gari itabaki juu ya mawe wiki nyingine.